Hereni za Mpunga

Hilaria alikuwa na mikono ya kunakili. Watu wa Mpanda walilijua hilo, na ndilo lililomletea wateja. Msichana angefika kibandani kwake nyuma ya soko, amwekee simu usoni ikiwa na picha ya mkufu wa mwimbaji fulani wa Dar, au hereni za bibi harusi wa nchi za Kiarabu. Hilaria angeitazama, aivute kwa vidole ili ikue, kisha aulize inatakiwa lini. Siku ikifika kitu kipo, na usingeweza kukitofautisha na kile cha kwenye picha. Usonara alifundishwa na Mzee Audace, Mrundi aliyefanya kazi mjini hapo muda mrefu kabla ya kurudi Mishamo kukaa na wanawe. Mzee alimwachia nyundo zake, fuawe dogo, na tabia ya kutopenda maneno akiwa kazini.

Maisha hayakuwa mabaya. Mumewe, Maiko, alikuwa seremala kule kule walikoishi, Ilembo, na nyumba yao haikukosa chakula wala kicheko. Ila kuna siku Hilaria alimaliza mkufu, akaulaza juu ya kitambaa chekundu, akajiuliza angetengeneza nini kama mtu angemwambia tengeneza cha kwako. Akafikiri kidogo, hakuona kitu kichwani, akafunga kibanda akaenda kununua mboga.

Mwaka huo, mvua zikiwa bado zinanyesha, walikuja wanawake wawili kutoka Kibaoni. Aliyetangulia alikuwa Rahel, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mrefu mwenye haya ambaye kila akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yake alikuwa mama yake, mfupi, mabega mapana ya mtu aliyelima tangu utotoni. Alikuwa ameweka mkono begani kwa binti yake, lakini ukiwatazama ungedhani yeye ndiye anayemsukuma.

"Hujambo fundi," alisema huyo mama. "Mimi ni Mama Rahel. Macho yangu yalikwenda na presha ya macho, lakini masikio ninayo yote mawili. Kwa hiyo msininong'onezee pembeni."

"Sijambo mama, shikamoo. Karibuni mkae."

Rahel alikuwa anaolewa baada ya mavuno na kijana anayeitwa Telesphor, mkulima mwenzao wa huko Mpimbwe. Alitoa simu, akaonyesha picha ya hereni za mawe meupe na mkufu wake. Kazi ya kawaida. Hilaria alifungua kabati la kioo, akatoa hereni zinazofanana na zile, akampa Rahel, naye akamwekea mama yake mkononi ili ashike.

Mama Rahel alizipapasa taratibu, kila jiwe. Kisha akazisogeza sikioni na kuzitikisa. Akatikisa tena kwa nguvu zaidi.

"Hazisemi kitu," alisema.

"Mama jamani, hereni si redio," Rahel akamwambia.

"Najua si redio." Mama alizirudisha juu ya meza. "Fundi, nisikilize. Siku ya harusi watu wote watakuwa wanamwona huyu. Padri anamwona, wakwe wanamwona, hata waliokuja bila kualikwa kwa ajili ya pilau wanamwona. Mimi niliyemzaa nitakaa mbele na kitenge changu kipya nasubiri kuambiwa. Sasa anapita, mama. Sasa amesimama, mama. Sitaki kuambiwa. Nataka nimjue mwenyewe."

Rahel aliangalia nje, kule kwenye dimbwi la maji barabarani. Hilaria naye akajikuta anashika koleo bila sababu.

"Tunaweza kuweka njuga ndogo," alisema mwishowe. "Zile za miguuni, ila nizifanye ndogo kabisa."

"Dada," Rahel alisema kwa upole, "mimi si mbuzi wa kupotea porini."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Rahel. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini hakuliacha jambo lake. Alitaka kitu kinachosikika, ambacho si kengele, na ambacho mwanawe hataona aibu kukivaa mbele ya wakwe. Hilaria akasema sawa, nitajaribu. Alikubali kabla hajajua amekubali nini.

Walipoondoka alianza kazi. Alikata visahani vyembamba vya fedha, akavining'iniza vitatu vitatu. Alipovitikisa nyumbani, Maiko aliinua kichwa kwenye sahani ya ugali.

"Kama mlinzi anatafuta ufunguo," alisema.

Akavibomoa. Akajaribu shanga ndani ya vikombe vidogo vya shaba. Zikalia kama mahindi ndani ya kopo. Akajaribu minyororo mirefu iliyosuguana, nayo ikanyamaza kimya kabisa. Akatafuta kwenye simu, lakini huko alipata picha tu, na picha hazina sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Mzee Audace aondoke hakuwa na cha kuiga, na alijiona kama mtu aliyeingia chumba cha giza akipapasa ukuta kutafuta swichi.

Mvua zilipoanza kukatika, Rahel alipiga simu. "Dada Hilaria, nisikilize. Usijisumbue sana. Tengeneza tu zile za kwenye picha. Mama ataelewa."

Hilaria alishukuru moyoni, akahisi mzigo umemtoka. Lakini hadi kufika jioni, ile furaha ilikuwa imemchachia. Alimwona yule mama na kitenge chake kipya, amekaa mbele ya kanisa, anasubiri kuambiwa. Akaona kwamba kama ni kushindwa, basi akamwambie mwenyewe, uso kwa uso, siyo kwa kupitia simu ya binti. Na hata hivyo alihitaji kumpima Rahel shingo. Kesho yake alipanda gari la Kibaoni.

Ilikuwa mwezi wa tano. Walivuka Sitalike wakaingia hifadhini, abiria wakapandisha vioo kwa sababu ya mbung'o, joto likawapika hadi walipotokea upande wa pili. Kibaoni alikuta soko limechangamka. Akaulizia kwa Mama Rahel, akaambiwa Rahel yuko shuleni, mama yuko shambani. Fuata njia hii, ukifika kwenye majaruba ya mpunga utamsikia.

Ni kweli alimsikia kabla ya kumwona. Kulikuwa na mlio wa makopo yakigongana, na sauti nene ikipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nyie walafi!" Wingu la ndege wadogo likainuka kutoka kwenye mpunga, likajikunja hewani, likahamia shamba la jirani. Mama Rahel alikuwa amekaa juu ya ulingo wa miti, kamba mkononi, na kamba hiyo ilienda hadi katikati ya shamba ikiwa imefungwa makopo matupu. Kivuli chake kilikuwa gunia lililotandikwa juu ya fito.

Hilaria aliingia kwenye tuta lililogawa majaruba. Mpunga ulikuwa umeiva, umeelemea pande zote mbili mpaka tuta likawa halionekani, naye akawa anatembea polepole, anapanga jinsi ya kuanza. Mama, samahani. Mama, kazi yako imenishinda.

"Nani huyo kwenye tuta la katikati?" Mama Rahel aliuliza kutoka juu. "Rahel siyo."

Hilaria alisimama. "Ni mimi mama, Hilaria. Fundi wa Mpanda. Umejuaje kama siyo Rahel?"

"Si nimesikia mpunga. Rahel ana miguu mirefu na ana haraka, anaupiga kwa sketi, shwa, shwa, shwa, mpaka unaanguka. Wewe unapita kama mtu anaogopa kuamsha mtoto. Njoo, njoo, panda huku."

Hilaria hakupanda. Alikuwa amepita katikati ya mpunga wote ule na hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa anasikiliza maneno yake mwenyewe kichwani. Aligeuka akarudi hatua chache, safari hii akiwa ameziacha samahani zake zote. Akapitisha mkono juu ya masuke.

Yalilia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti kavu, nyepesi, ya vitu vidogo vingi vinavyogusana na kuachana, kama watu waliokusanyika mahali wakinong'onezana habari njema. Akapitisha mkono tena. Pembeni kulikuwa na kipande kilichochelewa kupandwa, bado kibichi. Akakipitishia mkono, kikanyamaza kama nywele.

"Mbichi hausemi," Mama Rahel alisema, kana kwamba anamwona. "Mpaka ukauke ndiyo unasema. Hata siku ya kuvuna mimi ndiye ninayewaambia hapa nyumbani. Wao wanaangalia rangi, mimi nangoja unisemeshe."

Hilaria alikuwa amechuchumaa, ameshika suke moja mbele ya macho. Alikuwa amekula wali maisha yake yote na hakuwahi kulitazama suke. Lilijipinda kama kidole kinachoita. Kila punje ilining'inia kwenye kikonyo chake chembamba kama unywele, hakuna vikonyo viwili vyenye urefu sawa, na kila punje ilikuwa na jirani wa kumgusa kidogo, si wa kumgonga. Ndani ya ganda kulikuwa na nafasi ndogo pale ambapo punje imekauka na kusinyaa. Basi! Visahani vyake vilikuwa vikubwa, vimepangwa sawasawa kama askari kwenye gwaride, ndiyo maana viligongana kwa pamoja. Shanga zake zilikuwa zimefungiwa ndani. Akahisi mikono inamwasha.

"Mama, nikate masuke machache?"

"Kata. Lakini utayalipa kwa kufukuza ndege, mimi sauti imekwisha."

Kwa hiyo Hilaria, sonara wa mjini, alishinda juu ya ulingo akivuta kamba na kupiga kelele. Ndege walikuwa wajanja. Mama Rahel aliwasikia wakiwa bado mbali, akasema "wanakuja upande wa mto," naye Hilaria alitazama na kuona anga tupu, kisha baada ya muda lile wingu lingetokea kweli. Walikula viazi vitamu vya kuchemsha. Mama alimweleza jinsi Rahel alivyokuwa mtoto mkimya, asiyelia hata akianguka, mpaka ilibidi amwangalie wakati wote. Na yeye mwenyewe alipoanza kupoteza macho, jambo lililomtisha kuliko mengine ni kwamba yule binti hakuwa na kelele.

"Wengine wote nawasikia wanavyoingia nyumbani," alisema. "Yeye anaingia kama ukungu. Huwa nashtukia tu ananishika bega."

Jua lilipoanza kushuka, Rahel alitokea kwenye tuta, na ni kweli, shwa, shwa, shwa, ila mtu ilibidi akae kimya sana ili amsikie. Alishangaa kumkuta fundi juu ya ulingo, sauti imemkauka, nywele zimejaa makapi.

"Ulikuja kunipima shingo, dada?"

"Ndiyo," Hilaria alisema.

"Alikuja kuikataa kazi," Mama Rahel alisema. "Nilimsikia mwendo wake. Sasa haikatai tena."

Hilaria alicheka kwa aibu, akatoa utepe wa kupimia.

Aliporudi Mpanda aliyaning'iniza yale masuke juu ya meza yake ya kazi, akaanza. Punje za kwanza alizitengeneza za fedha iliyojaa ndani, nzito, zikalia kama mchanga unaomwagwa. Akazibomoa, ila safari hii bila uchungu, maana alijua anakokwenda. Akaifua fedha hadi ikawa nyembamba kama karatasi, akakata vijiganda, akavikunja, akaviunganisha viwili viwili na kuacha uwazi ndani, akachora kwa ncha ya msumari ile mistari midogo ambayo ganda la mpunga huwa nayo. Akavuta waya mwembamba kadiri alivyoweza. Mara nyingi ulikatika. Wateja wengine walikuja, akawahudumia, wakaondoka, na kila walipoondoka alirudi kwenye punje zake kama mtu anayerudi kwenye mazungumzo matamu.

Jumapili moja baada ya Misa alizivaa hereni zikiwa zimekamilika, akapita uani nyuma ya Maiko aliyekuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Randa ilisimama.

"Nini hicho?" Maiko aliuliza bila kugeuka.

"Kinafanana na nini? Ufunguo?"

Maiko alifikiri. "Hapana. Ni kama kuna mtu amefika."

Hilaria aliingia ndani, akakaa kitandani, akatabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Rahel alikuja kuzichukua mwenyewe. Alipofungua kitambaa, Hilaria aliona anatafuta yale mawe meupe. "Hazing'ai sana," alisema kwa sauti ndogo.

"Vaa kwanza."

Alivaa. Akageuza kichwa kuangalia kioo, na masuke mawili ya fedha yakajipinda kwenye shingo yake ndefu, yakakamata mwanga huku na huku, yakanong'ona. Rahel aligeuza kichwa upande mwingine. Kisha akaanza kukitikisa polepole, na mkono ukaenda mdomoni, na Hilaria hakujua kama msichana anacheka au analia, mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Mama asijue," Rahel alisema. "Mpaka siku yenyewe."

Harusi ilifanyika mwezi wa tisa. Hilaria na Maiko walienda kwa pikipiki siku moja kabla. Mama Rahel aliagiza fundi akae naye benchi moja kanisani, mbele, na wakubwa wa ukoo ilibidi wasogee.

Lakini hakuna aliyefikiria matarumbeta. Bwana harusi alikuwa na wajomba wenye furaha kubwa, nao walikodi kikundi kizima. Kiliwasindikiza maharusi hadi mlangoni, na ndani kwaya ikapokea kwa kinanda na spika mbili zenye urefu wa mtu. Vigelegele vikapasua bati. Rahel akapita katikati ya kanisa, mzuri hasa, masuke yakicheza chini ya shela, na hata Hilaria mwenyewe hakusikia chochote. Mama Rahel alikuwa amekaa wima, uso mbele, kichwa ameinamisha kidogo upande kama afanyavyo akisikiliza ndege. Mikono yake ilishika kitenge.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita, mama," Hilaria alisema.

Ibada ikaendelea. Hilaria hakusikia masomo wala mahubiri. Alikuwa anajilaumu: kwa nini hakuzifanya kubwa zaidi, kwa nini hakuweka hata kikengele kimoja kwa siri. Halafu padri akawaita maharusi wasogee, akawaomba watu watulie, akasubiri hadi mtoto wa mwisho aliyekuwa analia akatolewa nje. Kanisa likawa kimya, ukasikia bati likitanuka kwa joto. Telesphor alisema ahadi yake. Ikafika zamu ya Rahel.

Ndipo sauti ile ikaja, kavu, nyepesi, kutoka kule mbele.

Mkono wa Mama Rahel ulimshika Hilaria goti, ukamfinya hasa.

"Ameinamisha kichwa," alinong'ona. "Ni yeye. Amekiinamisha, anaona haya."

Ilikuwa kweli. Rahel alikuwa anaangalia chini.

"Sasa amekiinua. Eeh. Sasa anamtazama."

Rahel alisema ahadi yake, sauti haikutetemeka, lakini masuke yalitetemeka, na mama yake alisema, "Anatetemeka kidogo, mwache, atazoea," machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Akamgeukia Hilaria, akakaribia sikio lake. "Ni mpunga wangu huo. Umeutia kwenye masikio ya mwanangu."

Walipotoka, matarumbeta yalianza upya, na kwaya, na vigelegele, na hakuna sauti ndogo ambayo ingeweza kuishi mle. Rahel alipofika kwenye benchi la mbele alisimama, msafara wote ukasimama nyuma yake. Aliinama mpaka shavu lake likagusa shavu la mama yake, akatikisa kichwa kwa nguvu kama mtoto anayekataa uji, shela ikaenda upande, maua yakaanguka. Mama Rahel aliangua kicheko kilichoyashinda matarumbeta.

Jioni, pilau likiwa limeshaliwa, wanawake wa Kibaoni walimzunguka Hilaria wakitaka kujua hereni za mpunga anatengeneza kwa muda gani. Mama Rahel aliwatawanya kwa mkono kama anavyowatawanya ndege.

"Za mpunga ni za Rahel," alisema. "Nyie mtafutiwe zenu. Na mimi nitafutiwe zangu, fundi. Nataka watu wajue kwamba nakuja."

Kesho yake, wakirudi, Hilaria na Maiko walikuwa wameshatoka hifadhini na kuipita Sitalike pikipiki ilipochemka ikabidi waipumzishe. Maiko alikaa kivulini akafungua chupa ya maji. Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi, miombo imeanza kutoa majani yake mekundu, hakuna upepo. Mahali fulani juu ya vichwa vyao kitu kikapasuka, ta! Kisha kingine mbali kidogo, ta! Maganda ya mbegu yalikuwa yanapasuka kwa jua, yakirusha mbegu mbali, na nusu za maganda zikishuka zikizunguka, zimejisokota kama utepe, za rangi ya kahawia iliyokolea, ngumu kama mfupa.

Hilaria alikuwa ameshaingia vichakani. Aliokota ganda moja, akaligonga na jingine karibu na sikio. Lilikuwa na sauti ya wazi, kavu, isiyozunguka maneno. Akaokota mengine, akayaweka kwenye pindo la kitenge chake.

"Unaokota nini huko?" Maiko aliita.

"Namwokota Mama Rahel," Hilaria alijibu, akainama tena.